Koki ya Shaba kwenye Mteremko wa Phokojoe

Mnyororo ndio uliosikika kwanza. Trrrrr, sauti nyembamba kama ya mtu anayechana kitambaa kirefu bila haraka, ikishuka kutoka kwenye ukungu juu ya mteremko wa Phokojoe, bila mngurumo wa injini hata chembe. Pale kijijini Ha Rakotoane kila mwenye masikio aliijua. Ni 'M'e 'Makhauta, mama mbeba dawa za zahanati, anarudi kutoka vituo vya wachungaji. Ameongeza jiwe lake kwenye rundo la wasafiri kule kileleni, amezima injini, ameiachia pikipiki iteremke yenyewe.

Watu wa milimani hawachomi petroli kwenye mteremko. Petroli huku hupanda kwa punda, ndani ya chupa za soda, na mtu akiitumia kushuka huchekwa mpaka na wajukuu. "Mlima umekula kupanda," husema, "sasa ulipe kushuka." Kila mwenye pikipiki huzima juu na kuwasha chini, kwenye changarawe kabla ya kivuko cha mto: huingiza gia ya pili, huachia klachi, injini hukohoa mara mbili na kushika.

Tlhoriso alikuwa ndani ya gereji yake ya mabati, spana mkononi, akisubiri vile vikohozi viwili kama mtu anayesubiri kusifiwa. Koki mpya ya petroli iliyokuwa chini ya tangi la pikipiki ile ilikuwa kazi ya mikono yake.

Kikohozi hakikuja. Kilikuja kilio cha tairi juu ya changarawe, kifupi, kama cha mwanakondoo aliyekanyagwa. Kisha kishindo. Kisha mto peke yake.

Spana ilimponyoka. Akakimbilia mtoni.

Alimkuta 'Makhauta ameketi ukingoni, kofia ya chuma bado kichwani, blanketi limepinda begani, mkono wa kushoto ameupakata kama mtoto mgonjwa. Kifundo kilikuwa kimeelekea upande usio wake. Mfuko wa dawa za zahanati alikuwa ameukalia ili usilowe. Ntate Lebusa, mzee mwenye farasi wengi kuliko wote kijijini, alikuwa amefika mbele ya wote, juu ya farasi.

"Gia ya kwanza hiyo," Lebusa alisema. "Ameingiza ya kwanza badala ya pili, akaachia klachi kama anatupa jungu la moto. Nilisema. Pikipiki si ya bibi."

"Ilikuwa ya pili," 'Makhauta alisema.

"Basi mkono, 'M'e. Kama si gia, ni mkono."

'Makhauta aliutazama mkono wake. Miaka yote aliyopanda mlima ule, theluji na mvua ya mawe, wanaume wameanguka pale wakaokotwa na meno yao, yeye hajawahi hata kuchafua goti. Aliutazama kama mtu anavyomtazama mbwa wake aliyemng'ata.

"Labda," alisema. "Labda mkono."

Tlhoriso aliinama. Akaiinua pikipiki, akaikokota kwenda gerejini.

Pikipiki iliitwa Khunoana, kama anavyoitwa farasi mwekundu, kwa sababu ilikuwa nyekundu siku mume wa 'Makhauta alipoileta kutoka migodini. Mume alikwisha kufa, rangi ilikwisha kufa, Khunoana ilibaki. Ni zile za zamani za porini, magurudumu marefu, springi ngumu, injini isiyojua kuchoka. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja: ilikuwa ikizimika katikati ya kupanda, kama mtu aliyekabwa koo.

Tlhoriso aliujua ugonjwa huo siku alipoinusa tu. Koki ya zamani ilikuwa ya kujifungua yenyewe. Injini ikinguruma huvuta pumzi kupitia kampira kembamba, na kiwambo kilichomo ndani ya koki hufunguka, petroli ikapita. Injini ikizima, kiwambo hujifunga. Mkono wa mtu hauna kazi hapo. Lakini kiwambo kilikuwa kimezeeka na kupasuka, na kwenye mwinuko mkali kilipitisha petroli kidogo kidogo kama tajiri anayetoa sadaka.

Akaagiza koki ya shaba, imara, yenye mkono wa kugeuza: wazi, akiba, funga. Ilipanda kutoka Maseru ndani ya gunia la unga. Siku ilipofika, aliitembeza kijijini mfukoni kabla ya kuifunga, akiwaonyesha watu kama pete ya mchumba. Alimwambia kila aliyeuliza kwamba kabla ya adhuhuri Khunoana itapanda Phokojoe bila kukohoa.

Ndivyo alivyokuwa Tlhoriso. Hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa kufungua vilivyokufa. Na aliporudi kutoka jandoni, pale kila kijana husimama mbele ya watu na kughani sifa alizojitungia, wenzake walijisifu kwa ng'ombe na fimbo. Yeye alighani hivi:

*Mimi Tlhoriso, radi isiyoomba mawingu,*
*nilinyonya chuma nikatema moto;*
*kilichozimika mikononi mwa wakubwa*
*kwangu husimama, kikaimba.*

Watoto walizijua sifa hizo kwa moyo. Wachungaji walizipiga kelele kutoka mlimani wakimwona anapita.

Asubuhi ile ya koki alifungua na kabureta ili kuisafisha. Ndani yake mna boya, na juu ya boya mna sindano fupi, ndogo kama punje ya mtama iliyochongwa, ambayo kazi yake ni kuziba tundu petroli ikitosha. Aliiinua kwenye mwanga. Nchani ilikuwa na mduara, kama alama inayoachwa na pete kidoleni. Sindano yenye mduara haizibi sawasawa. Petroli itaipita, tone kwa tone, mchana na usiku, mradi koki iko wazi. Ile koki ya zamani ilikuwa ikiuficha ugonjwa huu, kwa sababu ilijifunga yenyewe. Hii mpya haitauficha.

Sindano nyingine ilikuwa mbali, mjini. Jua lilikuwa limepanda. Aliifuta kwa shati, akairudisha.

Hapo angeweza bado kuokoka. Maana 'Makhauta alipokuja kuichukua alikishika kile kimkono cha shaba kwa vidole viwili, akakigeuza huku na huku, akauliza swali la mtu mwenye akili.

"Hii ina mkono, mwanangu. Nikizima injini, niifunge?"

Mlangoni walikuwa wamesimama wanaume, wakingoja kikuku cha tandiko la Ntate Lebusa kiungwe. Lebusa alicheka kwa pua.

"Ameiboresha," alisema. "Zamani bibi alikuwa na kazi moja, sasa ana mbili. Ndiyo kazi ya huyu mvulana, kuongeza kazi. Farasi wangu nikishuka hamwagiki."

Wanaume wakacheka. Mvulana. Kumwita hivyo mtu aliyekwisha toka jandoni ni kumvua suruali sokoni. Damu ikampanda Tlhoriso mpaka kwenye nywele.

"'M'e," alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "kufungafunga ni mambo ya pikipiki za marehemu. Hii ni shaba. Iache wazi, usahau kama ipo."

Kicheko kilikatika. Lebusa akajikuna shingo. 'Makhauta aliitikia kwa kichwa, akavaa kofia, na Khunoana ikapanda Phokojoe moja kwa moja kama mbuzi. Wiki ile kijiji kizima kilisema hapajapata kuwa na fundi kama huyu. Asubuhi moja 'Makhauta alimwambia Tlhoriso kwamba ua wake ulikuwa unanuka petroli. Akamjibu kwamba mpira mpya hunuka.

Sasa, baada ya ajali, Tlhoriso alikuwa amepiga magoti mbele ya pikipiki ile ile, mlango wa bati ameufunga. Koki ilikuwa wazi, kama alivyoagiza. Alifungua plagi, akasukuma kiki kwa mkono.

Petroli iliruka kutoka tundu la plagi, ikampiga usoni na kifuani, ikalowesha blanketi lake. Alisukuma tena, ikaruka tena. Silinda ilikuwa imejaa kama kikombe. Kijibomba cha kutolea ziada chini ya kabureta kilikuwa kimezibwa na tope la vivuko, basi petroli iliyoipita sindano ikakosa njia ya kutokea nje, na mteremko mzima, pua ya pikipiki ikitazama chini, ilikuwa ikimiminika kuingia kwenye injini iliyozimwa. 'Makhauta alipoachia klachi pale kwenye changarawe, pistoni ilipanda ikakuta petroli badala ya hewa. Petroli haibanwi. Injini ilisimama kama iliyogonga mwamba, gurudumu la nyuma likasimama nayo.

Gia ilikuwa ya pili. Mkono ulikuwa sawa.

Aliigeuza koki: funga. Mlio wake ulikuwa mdogo sana, tik, kazi ya kidole kimoja. Mtoto angeweza kufanya.

"Ina nini?" waliuliza walioko nje.

"Plagi tu," alisema. "Imelowa."

Harufu ile haikutoka kwenye blanketi. Alilifua mtoni, akalianika kwenye upepo, akalifua tena. Mama yake alisema halinuki kitu. Yeye alilinusa akila, alilinusa kanisani, alilinusa hospitalini alipokwenda kumsalimia 'Makhauta.

Na dunia, kama kawaida yake, ilimlipa mabaya yake kwa mema. Watu walimletea pikipiki zaidi. Mwendeshaji mmoja kutoka bonde la pili alikuja na koki ya shaba mkononi akisema, nifungie kama ya yule bibi. Tlhoriso alimfungia, akamwangalia machoni, akasema: "Ukizima, funga. Kila ukizima. Ukiteremka bila injini, funga kwanza. Nirudie ulivyosikia." Yule mtu akarudia, akaondoka akisema fundi huyu ni mwangalifu ajabu. Mlimani wachungaji wakampigia kelele, *kilichozimika mikononi mwa wakubwa!* na yeye akainamisha kichwa ndani ya blanketi, akapita kama mwizi wa kondoo.

Kivukoni nako lawama zilimwangukia 'Makhauta. Dawa za zahanati sasa zilibebwa na mpwa wa Lebusa kwa farasi, na kila alipovuka, Lebusa alisema, "Mnaona? Farasi hana klachi." Utani ukazaa utani. Mtu akidondosha kikombe, wanasema ameshika mkono wa 'Makhauta. Mtoto akimwaga maziwa, vivyo hivyo. Tlhoriso aliusikia utani huo kwa mara ya kwanza kinywani mwa mama yake mwenyewe, akaliacha bakuli la uji bila kulimaliza.

Sindano mpya ilipofika, aliifunga. Akazibua kile kijibomba. Akaiacha Khunoana koki ikiwa wazi kutwa nzima, akachungulia silinda: kavu. Alipoona ni kavu, alikaa chini kwenye mafuta na vumbi. Maana alikuwa ameiponya pikipiki, na kwa kuiponya amefuta ushahidi. Sasa yeyote atakayeipima ataikuta haina kosa, na kosa litabaki pale lilipowekwa, kwenye mkono wa mwanamke mmoja. Kilichobaki ni ile sindano ya zamani yenye mduara. Hakuitupa. Aliichomeka kwenye pindo la blanketi lake, karibu na pini, na kila alipolifunga shingoni aliigusa.

'M'e 'Makhauta akamwita.

Alikwenda asubuhi, blanketi begani. Uani mpwa wa 'Makhauta, Nthofeela, msichana mkubwa mwenye ulimi mwepesi, alikuwa akianika majani ya mboga ya moroho kwenye paa la chini.

"Fundi mkubwa," Nthofeela alisema. "Ingia. Anakusubiri tangu jana, amevaa mpaka viatu. Ukimwona hatabasamu, usijali, siku hizi hatabasamu kwa mtu. Jana amekataa kunikatia nyama. Anasema kisu kitamponyoka."

"Bado unauma?"

"Mkono? Mkono umepona nusu. Yeye ndiye hajapona."

Ndani kulikuwa na moto wa samadi na sahani mbili za papa, ugali wa mahindi, na mboga, moja yake, moja ya mgeni. 'Makhauta alikuwa kwenye kiti, bandeji ngumu nyeupe kutoka kiganjani mpaka kiwikoni. Alimkaribisha, wakaulizana habari za nyumbani na za mvua, kama inavyopasa, mpaka habari zikaisha.

"Khunoana inaendaje?" aliuliza.

"Inaenda vizuri, 'M'e. Sana."

"Najua. Tangu uiwekee ile koki ilikuwa inapanda kama ina mbawa. Wewe uliipa uhai." Akautazama mkono wake. "Mimi ndiye uhai umenipungua. Nimelala na mkono huu, nimeuuliza. Nimeshika klachi tangu hujazaliwa. Nimeuuliza, ulifanya nini siku ile? Haujibu. Sasa nauogopa. Juzi nimepewa mtoto wa jirani nimpakate, nimekataa. Mtu anayeuogopa mkono wake mwenyewe hapandi Phokojoe."

"'M'e..."

"Nisikilize. Sitaiuza. Kuiuza ni kama kumuuza farasi wa marehemu, ataniuliza. Nitampa mtu anayeijua."

Aliingiza mkono wa kulia mfukoni, akatoa ufunguo. Ulikuwa umefungwa kwa kipande cha ngozi ya hatamu ya farasi wa mumewe, cheusi kwa jasho la miaka mingi. Aliunyoosha kwake.

Mtu akinyooshewa zawadi, hupokea kwa mikono miwili. Hata mtoto anayepewa peremende, hata mlevi anayepewa kibuyu. Kupokea kwa mkono mmoja ni utovu wa adabu. Kutonyoosha mkono kabisa ni tusi ambalo hata jina halina.

Na Mungu wake anajua alivyoitamani pikipiki ile. Tangu akiwa mchungaji mdogo, akilala kifudifudi juu ya mwamba kuisikiliza ikipanda bonde. Alikuwa ametunga na beti ambazo hakumghania mtu, za yeye akiwa juu yake. Kilichobaki kilikuwa kunyoosha mikono miwili tu. Hakuna mtu duniani angejua.

Mikono yake ilibaki ndani ya blanketi.

Ufunguo uliendelea kuning'inia hewani.

"Mikono yako iko wapi, Tlhoriso?"

Tlhoriso aliendelea kuutazama ufunguo.

"Nakuuliza. Nimekukosea nini mpaka ukatae kitu changu mbele ya moto wangu?"

Ndipo mkono wake mmoja ukatoka, mmoja tu, umekunjwa ngumi. Akaufungua. Kiganjani palikuwa na kitu kidogo kama punje ya mtama.

"Hii ndiyo iliyokuangusha," alisema. "Si mkono."

'Makhauta alishusha ufunguo magotini. Aliichukua sindano kwa vidole, akaisogeza karibu na moto, akauona mduara. Tlhoriso akamweleza, na sauti yake, ile iliyozoea kusikika mpaka barabarani, ilikuwa ndogo kiasi kwamba 'Makhauta alilazimika kuinama. Alimweleza koki ya zamani na kiwambo chake, petroli iliyoipita sindano, mteremko, silinda iliyojaa. Alimweleza kwamba kama angefunga koki kule kileleni, tik, angefika kivukoni injini ikikohoa mara mbili kama siku zote.

"Niliuliza," 'Makhauta alisema. "Nilikuuliza kama niifunge."

"Uliniuliza."

"Na sindano hii uliiona lini?"

Hapo palikuwa na njia ya kutokea, pana, na aliiona. Angesema baada ya ajali.

"Asubuhi ile ile. Kabla hujaja. Nilikuwa nimewaambia watu nitamaliza kabla ya adhuhuri."

Nje Nthofeela alikuwa ameacha kugusa majani.

"Ulikuja kunisalimia hospitalini," 'Makhauta alisema. "Ulikaa kitandani kwangu. Nilikwambia, mkono umenisaliti, nawe ukasema, pole, 'M'e."

"Nilisema."

"Ulishika mkono huu huu ukasema pole."

Tlhoriso alipiga magoti sakafuni. 'Makhauta hakumwambia ainuke. Aliuweka mkono wenye bandeji juu ya paja, akaanza kuvichezesha vidole vilivyotokeza, kimoja kimoja, kidole gumba, shahada, akivitazama. Akavikunja vyote pamoja, pole pole, kama mtu anayevuta klachi. Akaviachia, pole pole, kama inavyotakiwa. Akavuta tena.

"Ilikuwa ya pili," alisema, si kwa Tlhoriso.

"Ilikuwa ya pili, 'M'e."

Aliendelea kuvuta na kuachia klachi isiyokuwepo. Kisha akaurudisha ufunguo mfukoni mwake.

"Inuka, unaniziba moto. Sikia nitakavyokufanya. Bandeji hii ikitolewa, tutapanda Phokojoe. Mimi mbele, wewe nyuma. Juu tutazima, nitafunga hiyo koki yako ya shaba, na tutashuka. Hutanishika kiunoni. Utaweka mikono magotini, uhisi mteremko kama nilivyouhisi mimi."

Tlhoriso hajawahi kukaa nyuma ya mtu kwenye mteremko ule. Fundi haketi nyuma.

"Na kivukoni nitaiwasha," aliendelea. "Lebusa atakuwepo, huwa hana kazi. Watu watakuwepo, nitahakikisha. Pale utashuka na kusema. Si sifa zako. Utasema hili ulilosema hapa, lote, mpaka na adhuhuri yako."

"Watanicheka mpaka nizeeke, 'M'e."

"Mimi wamekwisha nicheka. Kuna nafasi ya wawili." Alimtazama. "Sasa niapie hilo nikiwa nasikia. Na upaze sauti, maana yule mtoto wangu aliye nje amevunjika shingo kwa kuchungulia, asije akasema hakusikia."

Nje Nthofeela alikohoa.

Tlhoriso alisimama. Alilivua blanketi begani, maana mtu haapi akiwa amejificha, akaitoa mikono yote miwili, akainyoosha mbele yake, mitupu, nyeusi kucha kwa mafuta.

"'M'e 'Makhauta," alisema, kwa sauti iliyofika uani na kuvuka ukuta wa mawe, "nitakaa nyuma yako Phokojoe nzima, mikono magotini, na tukifika kivukoni nitasema mbele ya Ntate Lebusa na mbele ya kila mtu kwamba gia ilikuwa ya pili, na mkono wako haukukosea, na aliyekosea ni mimi."